Kulehemu au kuchomelea? Na bolti, skrubu na parafujo je?

Msomaji mmoja anayesomea ufundi wa vyuma Morogoro kaniletea hili: "Shikamoo mwalimu. Nimetoka field kwenye karakana ya mageti na madirisha, ripoti nimeiandika kwa Kiswahili. Msimamizi kila nilipoandika kuchomelea kakata kwa peni nyekundu kaweka kulehemu, anasema kuchomelea ni neno la mtaani. Halafu kaniuliza kwa nini bolti, skrubu na parafujo nimezitaja kama vitu vitatu. Nani yuko sahihi hapo?"

Marahaba. Kwenye la kwanza uko sahihi wewe, rudisha kuchomelea yako yote kwenye ripoti. Kwenye la pili msimamizi wako ana hoja, ila hoja nusu, tutafika huko.

Tuanze na kazi yenyewe maana neno la ufundi huwezi kulipima bila kuangalia mkono unafanya nini. Fundi redio akiunga waya kwenye saketi anashika pasi ya moto huku na uzi wa lehemu kule, kinachoyeyuka pale ni lehemu peke yake, ule waya wa shaba haujayeyuka wala hautayeyuka, kwa sababu lehemu ya bati na risasi ile ya 60 kwa 40 inalainika kwenye nyuzijoto 183 na ikifika 190 hivi ishakuwa maji, wakati shaba inataka zaidi ya 1,080. Yani lehemu inatambaa juu ya waya, inapoa, inashika. Fundi radieta za shaba naye ni hivohivo. Hiyo ndo kulehemu, vitu viwili vinabaki vilevile na katikati yao kuna kitu cha tatu kinachovishika.

Sasa rudi kwenye karakana yako ya mageti. Umeweka pembe mbili za chuma, umebana, umegusisha kijiti cha chuma cha mashine ya umeme, cheche zikaruka. Pale moto wa umeme unayeyusha chuma chenyewe, upande huu na upande ule, na chuma kinataka kama nyuzijoto 1,500 ndo kiwe maji, na kijiti nacho kinayeyuka kinaingia humohumo, vyote vinachanganyika kwenye kidimbwi kimoja chekundu. Kikipoa unakuta lile gamba jeusi juu, unaligonga na nyundo linabanduka, chini yake mshono unang'aa, na kama kazi imefanywa vizuri huwezi tena kusema hapa ni chuma cha kwanza na hapa ni cha pili. Hiyo ni kuchomelea. Ukiita kazi hizi mbili jina moja, mtu anayesoma ripoti yako hatajua kama chuma kiliyeyuka au hakikuyeyuka, na hilo ndo jambo la kwanza mhandisi anataka kulijua.

Msimamizi wako hajatunga lakini, tumtendee haki. Ukifungua kamusi utaona lehemu imebebeshwa kazi zote mbili, na asili yake ni Kiarabu ambako neno la kuunga chuma kwa chuma halibagui, iwe kwa bati la kuyeyusha au kwa moto mkali. Zamani lilitosha. Mashine ya umeme ilipoingia kwenye karakana zetu mafundi wenyewe wakaona hii kazi ni nyingine, wakaipa jina lingine, na jina walilochagua limeundwa kwa kanuni safi kabisa ya Kiswahili. Angalia: shika inazaa shikilia, piga inazaa pigilia, choma inazaa chomelea. Hiyo -ilia au -elea mwishoni inaleta maana ya kukazia, kitendo kinachoganda mahali na kutoachia. Ukichoma chuma umekiunguza tu, ukikichomelea umekifanya kishikamane na kingine kwa moto. Mimi neno kama hili linanifurahisha sana, limetengenezwa karakanani na watu wenye miwani myeusi usoni, na mzizi na viambishi vyake vyote ni vyetu.

Na kusema ni la mtaani sio kweli tena. VETA wenyewe, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi Tanzania, wanaitangaza fani hiyo kama uchomeleaji. Kenya utasikia sana kuweldi, inaeleweka, ila kwenye maandishi kuchomelea inapita kote bila shida.

Kuna na kazi ya katikati, pale fundi anapotumia gesi kuyeyusha shaba ya njano kuunga mabomba au fremu ya baiskeli, joto ni kubwa kuliko la lehemu ya kawaida lakini chuma chenyewe hakiyeyuki. Hiyo naishauri iandikwe kulehemu kwa shaba, kwa mantiki ileile. Na kuunga ni neno mama, linachukua zote, hata ukiunga kwa bolti, kwa riveti au kwa gundi bado ni kuunga. Kwa hiyo kichwa cha sura kiwe "Kuunga vyuma" na humo ndani utaje kila njia kwa jina lake.

Kwa kuwa utaandika na kazi zingine, pitia haraka haya. Kufua ni kupiga chuma cha moto mpaka kikae umbo, ndo ileile fua ya nguo maana zote ni kupigapiga, na kile kinachopigiwa juu yake ni fuawe, hata kama karakana yako inatumia kipande cha reli bado ni fuawe. Kusubu ni kumimina chuma kilichoyeyuka kwenye kalibu, yani umbo tupu la kukipokea, ila mafundi wa sufuria za alumini wengi watakuambia kumimina tu, na kumimina ni sawa kabisa. Kereza ni ile ya mashine inayozungusha kipande huku kisu kimetulia, neno zuri ambalo vijana wengi hawalijui, wao husema kuchonga kwa lethi. Andika kukereza mara ya kwanza, weka mkato ueleze ni kuchonga kwa lethi, ukishafanya hivo endelea na kukereza mpaka mwisho.

Haya, bolti na wenzake. Skrubu na parafujo ni kitu kimoja, hapo msimamizi kakukamata kihalali. Parafujo tulilipata kwa Wareno, tangu enzi za Vasco da Gama aliyefika pwani yetu 1498 mpaka walipong'olewa Mombasa 1698 waliacha maneno kadhaa, meza na bendera yamo. Skrubu limekuja baadaye na Waingereza. Chagua moja uling'ang'anie, mimi ningechukua skrubu kwa sababu ndo utakaloulizwa dukani.

Lakini bolti ni kitu kingine, asiifute. Skrubu inajichimbia yenyewe kwenye mbao au bati na bisibisi ndo inaisukuma, bolti inapita kwenye tundu lililokwishatobolewa halafu inasubiriwa na nati upande wa pili, katikati unaweka washa, kile kipete bapa cha chuma. Zinachofanana ni ile mistari ya kuzunguka mwilini, fundi anaiita tredi, Kiswahili chake cha kamusi ni hesi, na wengine husema uzi. Ukiandika "hesi ya bolti imeliwa" nimekuelewa, na fundi atakuelewa ukimwambia hesi ndo tredi.

Hapa pia kuna mtego ambao nauona kwenye ripoti nyingi. Fundi akisema "niletee bolti ya kumi na tatu" anataja namba ya spana inayoshika kichwa, mwenye duka la vifaa anapima mwili, na bolti ya kawaida yenye kichwa cha spana 13 mwili wake ni milimita 8. Namba zote mbili ni za kweli, kila mmoja anapima mahali pake. Kwenye karatasi andika "bolti ya milimita 8, kichwa cha spana 13". Ukitaka kwenda mbali zaidi taja na hesi, hiyo ya 8 ya kawaida inasogea milimita 1.25 kila nati ikizunguka mara moja.

La mwisho, vitenzi. Umeandika "nilifunga nati" kila mahali. Kufunga ni kuiweka mahali pake na kuizungusha mpaka iguse, kukaza ni kuitia nguvu ya mwisho kwa spana, na nati iliyofungwa bila kukazwa italegea geti likianza kutikisika. Kwa hiyo ile sentensi yako ya ukurasa wa bawaba ningeiandika hivi: "Nilichomelea bawaba mbili kwenye fremu, nikatoboa matundu mawili ya komeo, nikapitisha bolti za milimita 8, nikaweka washa, nikafunga nati kwa mkono kisha nikazikaza kwa spana 13."