Kuku kumi na mmoja wa Krismasi

Jumapili ya tarehe 23 Desemba 2018, soko la Kibuye hapa Kisumu lilikuwa limefurika. Waliotoka Nairobi kwa mabasi ya usiku walikuwa wameshafika na mizigo yao, kila mmoja akitafuta kuku wa kupeleka nyumbani. Mimi nilikuwa nimetoka Luanda, kule Vihiga, alfajiri na matenga mawili ya kuku wa kienyeji. Simu ikalia. Mtu akaniita mama, akanisalimu kwa Kiluo, akauliza hali ya watoto, ndipo akasema anataka majogoo kumi na mmoja wa sherehe ya familia. Bei hakubishania sana. Tukakubaliana shilingi 1,200 kwa kila mmoja, akasema anatuma kijana wa bodaboda.

Kijana alipofika tu, ujumbe ukaingia: nimepokea shilingi 13,200. Nambari ya muamala ilikuwepo, tarehe na saa pia. Papo hapo mteja akapiga tena: "Mama, umeiona? Mpe huyo kijana haraka, gari linaondoka." Mbele yangu wateja watatu walikuwa wamenyoosha pesa, mmoja akinung'unika kwamba anacheleweshwa. Nikawafunga wale majogoo miguu, nikampakilia.

Jioni nilikwenda kwa wakala kutoa pesa za kununua kuku wa kesho yake. Salio langu lilikuwa shilingi 2,340.

Nimeusoma ule ujumbe mara nyingi tangu siku hiyo. Haukutoka kwa jina la MPESA kama nyingine zote. Ulitoka kwa namba ya kawaida inayoanza na 07. Tena uliniambia salio langu jipya ni shilingi 31,870, pesa ambazo sikuwa nazo hata kidogo. Tapeli anaweza kunakili kila neno la ujumbe halisi, lakini salio lako halijui, analibahatisha tu. Mimi nilisoma ile 13,200, nikaishia hapo. Kwa hiyo, wewe unayeuza chochote Desemba hii, mwambie mteja asubiri, fungua M-Pesa mwenyewe, uangalie salio kabla bidhaa haijaondoka mkononi mwako. Mteja wa kweli atasubiri hiyo dakika moja. Anayekuharakisha na kukupigia simu mfululizo anajua kwa nini hataki utulie.

Yule kijana wa boda nilimshuku wiki nzima, nikamtafuta steji hadi steji. Nilipompata, naye alikuwa akimtafuta huyo mtu. Alikuwa ameagizwa awapeleke kuku hadi kando ya barabara kule Kondele, wakachukuliwa na gari, akaahidiwa kutumiwa nauli yake kwa simu. Hakutumiwa chochote. Niliomba msamaha kwa maneno niliyomtolea.

Kosa langu kubwa lilikuja baada ya wizi. Nilinyamaza. Niliona aibu mtu wa umri wangu, aliyeuza kuku miaka mingi, kuibiwa kitoto namna ile. Nyumbani nilisema biashara ilikuwa mbaya. Kesho yake, tarehe 24, dada anayeuza kuku vibanda viwili kutoka changu alipoteza kuku tisa, naye akanyamaza. Ni mwezi Januari tulipokaa tukalinganisha simu zetu: namba ni ile ile, maneno ni yale yale, hata lile swali la hali ya watoto. Ningepaza sauti Jumapili jioni, Jumatatu yake asingeibiwa. Yeye alikuwa akikusanya karo ya kifungua mimba wake. Jambo hilo bado linaniuma kuliko hasara yangu mwenyewe, na ndilo linalonifanya niandike haya.

Tangu hapo nimekusanya hadithi za watu, kwa sababu watu wakijua uliibiwa na unakubali kusema, nao hukusimulia. Inayojirudia sana ni ule ujumbe mfupi: "Ile pesa tuma kwa namba hii." Hautaji jina wala kiasi. Unatumwa kwa watu wengi, na Desemba kuna watu wengi ambao kweli wana pesa ya kutuma: kodi, mchango wa mazishi, nauli ya mtoto, mgao wa chama cha akiba. Mmoja atadhani ni yule aliyekuwa akimsubiri. Mweka hazina wa chama asibadilishiwe namba kwa ujumbe pekee. Mpigieni kwa namba yake ya zamani, mmsikie sauti. Na unapotuma, jina la mpokeaji likitokea, lisome lote.

Kuna anayelia kwamba amekutumia pesa kimakosa, umrudishie kwa sababu mtoto yuko hospitali. Nakuomba sana, usitume kitu. Mara nyingi hakuna pesa iliyoingia. Hata ikiwa imeingia, mwambie aombe irudishwe kupitia Safaricom, kampuni yenye M-Pesa, kwa kupeleka ujumbe wake wa muamala kwa 456, maana ukimtumia wewe na yeye pia akaomba irudishwe, utalipa mara mbili. Kukataa hivyo si roho mbaya.

Anayejiita mhudumu wa kampuni na kutaka nambari yako ya siri, mkatie. Safaricom huwapigia wateja kwa 0722 000 000, na hata huko hakuna anayepaswa kuuliza nambari ya siri. Ukipata nafasi leo, piga *100*100# uilinde laini yako, mtu mwingine asiihamishie kwenye kadi yake. Ukituma pesa mahali pabaya, peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 mara moja, kabla haijatolewa, kwa maana ikishatolewa hupati kitu. Ujumbe wa tapeli upeleke kwa 333. Kisha nenda polisi upewe nambari ya OB, yaani ya daftari lao la matukio, hata kama kiasi unaona ni kidogo.

Pale Kibuye sisi wauza kuku tuna daftari moja lililoning'inizwa msumarini. Kila namba iliyomdanganya mmoja wetu inaandikwa siku hiyo hiyo, pamoja na maneno aliyotumia. Hakuna anayechekwa.

Wazazi ndio ninaowahofia zaidi, kwa kuwa mtoto akiwa njiani kurudi nyumbani, mama hutuma kwanza. Kwa mama yangu tulichagua swali moja la mambo ya nyumbani kwetu, ambalo mgeni hawezi kulijibu. Desemba iliyopita kaka yangu alikwama Nakuru usiku, simu yake imeibiwa kwenye steji, akaazima ya kondakta na kumpigia mama akiomba nauli. Mama akamuuliza lile swali. Kaka akakasirika, akasema, "Mama, ni mimi, kwani husikii sauti yangu?" Mama akalirudia taratibu, akangoja. Alipojibiwa sawasawa ndipo alipotuma shilingi 800, na asubuhi kaka akafika, akamkuta mlangoni.