Maswali ya Wasomaji: Tamko Moja, Mambo Mawili

SWALI: Kikundi chetu hapa Jinja kinapinga ubaguzi wa rangi, na tunashirikiana na wenzetu weusi wa Toronto. Sasa wametuletea tamko la pamoja tutie saini: nusu linalaani polisi wanaowaonea weusi, nusu linatetea LGBTQ wa Uganda. Kikao kilivunjika. Wengine wanasema huo ni ukoloni mpya, wengine wanaona haya kuwaacha wenzetu. Tufanyeje? (Katibu, Jinja)

JIBU: Ndugu Katibu, msitie saini, ila sababu isiwe hiyo ya ukoloni. Sababu ni kifungu cha 11 cha Sheria ya Kupinga Ushoga ya 2023. "Kuhamasisha" ushoga ni kifungo hadi miaka 20, na chombo kilichosajiliwa kinaweza kutozwa faini hadi shilingi bilioni 1. Tarehe 3 Aprili 2024 Mahakama ya Katiba ilifuta vipengele vichache, ukiwemo wajibu wa kumripoti jirani, lakini kifungu cha 11 kilibaki karibu chote. Neno "kuhamasisha" ni pana mno, na karatasi yenye majina na saini zenu ni ushahidi tayari.

Kuhusu ukoloni, wanachama wenu wameshika upande mmoja tu. Kosa la "kinyume cha maumbile" lililomo katika Kanuni ya Adhabu tuliachiwa na Waingereza, ndugu yake ni sheria waliyoitunga India mwaka 1860. Kwao Uingereza walianza kulilegeza mwaka 1967. Sisi tukalikumbatia kama mila. Hata hivyo wanaolalamika hawakosi hoja: Benki ya Dunia iliposimamisha mikopo mipya kwa Uganda Agosti 2023 kwa sababu ya sheria hii, lawama hazikwenda Washington yaliko makao yake, ziliwaangukia kuchu (ndivyo LGBTQ wa Uganda wanavyojiita) wa hapa.

Wala wa Toronto wasiwaambie kwamba kwao mambo haya hayagongani. Mwaka 2016 Black Lives Matter ya huko, vuguvugu la kutetea weusi, ilisimamisha msafara wa Pride, sherehe ya kila mwaka ya LGBTQ, kwa takriban nusu saa, ikidai magari ya polisi yaondolewe humo.

Waombeni walikate tamko vipande viwili. La rangi litieni saini kwa jina la kikundi. La pili walitoe wenyewe, bila kuitaja Jinja na bila picha za mikutano yenu, na rasimu isomwe kwanza na kuchu walioko Uganda, kupitia wakili wanayemwamini. Wageni wengi huandika kwanza, wakauliza baadaye, na anayevunjiwa mlango si wao.

Mjadala ufanyeni ana kwa ana. Ujumbe mmoja wa WhatsApp ukipigwa picha na kusambazwa, mtu anafukuzwa nyumba ya kupanga kesho yake. Katika muhtasari andikeni uamuzi tu, si nani alisema nini.

Wenzenu wakiuliza wasaidie vipi, watajieni ada za mawakili. Ibara ya 23 ya Katiba inataka mshukiwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, na ni katika saa hizo watu hulazimishwa kuandika maelezo wakiwa peke yao.