Acha kufuta .m2, soma mti wa tegemezi

Ndugu yangu wa Roysambu, umesema mradi wako wa Maven (chombo cha kujenga miradi ya Java) unajengeka vizuri, lakini ukiuwasha unaanguka na NoSuchMethodError, yaani method inayoitwa haipo, ya Jackson (maktaba ya kushughulikia JSON), na umeshafuta mara mbili folda ya .m2, ambamo Maven huhifadhi maktaba ilizopakua. Pole. Usiifute tena, unamaliza bando bure. Faili zako ni nzima, matoleo ndiyo yanayogongana.

Maven ikikuta matoleo mawili ya maktaba moja, haichagui lililo jipya. Huchukua lililo karibu zaidi na pom.xml yako (faili ya mipangilio ya mradi) kwenye mti wa tegemezi, yaani orodha ya maktaba zako na zile ambazo kila moja inazihitaji. Kwa hiyo moduli mpya ya Jackson, jackson-databind, inaita kitu ambacho moduli nyingine ya zamani, jackson-core, haina. Endesha mvn dependency:tree -Dverbose, utafute "omitted for conflict". Hapo utaona ni maktaba ipi iliyoleta toleo hilo la zamani.

Mimi tatizo hili lilinikalisha ofisini Westlands hadi saa nne usiku, na chanzo kilikuwa mstari mmoja tu wa toleo ulioandikwa kwa mkono. Weka jackson-bom (orodha ya matoleo ya Jackson yanayoendana) ndani ya sehemu ya dependencyManagement kwenye pom.xml, type pom na scope import, ufute nambari za toleo kwenye moduli zote za Jackson, kisha mvn clean package. Ukikwama, tuma mti wote hapa.