Kwa mnaoanza kufuatilia jozi za ndege ziwani

Wadogo zangu mnaokuja kufanya kazi ya ndege upande huu wa Ziwa Viktoria, mwe mmetoka Makerere au vyuo vya nchi jirani, kuna jambo moja ningependa mlishike kabla hamjapanda boti. Ndege mkimwona na mwenzi mpya, bado hamjajua kilichompata yule wa zamani. Huenda amekufa. Huenda yu hai lakini msimu huu hakuzaa, yuko mbali akitafuta riziki. Huenda wameachana kweli, naye yuko jiwe la pili tu, anaatamia mayai na mwingine. Hayo ni mambo matatu, na daftari la anayeanza huyafunga yote kwenye mstari mmoja: "amebadilisha mwenzi". Mstari huo ukishaingia kwenye takwimu, hakuna anayeweza kuutenganisha tena.

Wanaochunguza ndege wa baharini ni wakali sana hapa, na sisi wa maji baridi tuna haja ya kuiga ukali wao. Kwao talaka huhesabiwa pale tu wote wawili wanapojulikana kuwa hai, na angalau mmoja ameonekana akizaa na mwingine. Kama wa pili hujamwona, huwezi kuandika talaka. Unaandika "hajaonekana", kisha unamtafuta msimu huu, na ujao, na unaofuata. Ndiyo sababu pete ya rangi kwenye mguu wa ndege mmoja wa jozi haitoshi. Mwenye pete atakueleza habari zake tu. Na hizo pete msizivishe kwa kujiamulia: kuna kibali cha Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda na kile cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na kuna mtu aliyefunzwa kumshika ndege bila kumvunja bawa.

Mkitaka kuona faida ya subira hiyo, someni kuhusu albatrosi mwenye nyusi nyeusi, ndege mkubwa wa baharini, wa visiwa vya Falkland kusini mwa Atlantiki. Pale New Island, kimoja cha visiwa hivyo, watafiti walifuatilia zaidi ya jozi 15,000 kwa miaka 15, na matokeo yao yakatoka mwaka 2021. Miaka ya kawaida walioachana walikuwa kama asilimia 1 hadi 3. Miaka ambayo maji ya bahari yalipata joto, idadi ikapanda ikakaribia asilimia 8. Kwamba jozi iliyopoteza yai au kinda huachana zaidi, hilo lilikuwa linajulikana tayari. Kilichowashtua wengi ni kwamba miaka ya joto hata majike waliofanikiwa kukuza kinda waliwaacha wenzi wao zaidi ya kawaida. Maelezo waliyoyatoa ni kwamba maji yakipata joto chakula hupungua, ndege husafiri mbali zaidi, hurudi amechelewa na amechoka, na lawama ya dhiki hiyo humwangukia mwenzi. Fikirini kama watu wale wangechanganya waliokufa na walioachana. Joto lingeonekana linaua tu, au lisingeonekana kabisa.

Kufiwa nako kuna hesabu yake. Albatrosi yule mkubwa wa bahari ya kusini, mwenye mabawa yanayopita mita tatu, hutaga yai moja tu, na akifanikiwa kukuza kinda hutaga tena baada ya miaka miwili. Huanza kuzaa akiwa na umri wa karibu miaka kumi, baada ya miaka ya kucheza na kuchaguana. Akifiwa, ngoma inaanza upya, na misimu inapita mitupu. Majike wa jamii hiyo hutafuta chakula kaskazini zaidi kuliko madume, mahali meli za kuvua jodari zinapotandaza kamba ndefu zenye maelfu ya ndoano, kwa hiyo wanaonaswa na kuzama ni majike zaidi. Madume hubaki wengi bila wenzi, na wengine hubaki hivyo kwa miaka. Mimi jambo hili huniuma, kwa sababu dawa yake inajulikana: kutandaza kamba usiku, kuzitia uzito zizame haraka, na kufunga nyuma ya meli mistari yenye vitambaa vya kuwatisha ndege.

Msije mkadhani kila ndege wa bahari ni mwaminifu kwa kiwango hicho. Pengwini mkubwa kuliko wote, yule anayeatamia juu ya barafu ya Antaktika, hurudi kwa mwenzi wa mwaka uliopita kwa kiasi cha asilimia 15 tu. Msimu wake hauna nafasi ya kumsubiri aliyechelewa.

Sasa turudi kwetu. Visiwa vya Musambwa, kusini huku kwenye ghuba ya Sango, ni mawe matupu yaliyojaa shakwe kichwa-kijivu, mojawapo ya makoloni makubwa ya ndege huyu Afrika, na tangu 2006 vimo kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu. Usiingie na viatu vyako katikati ya viota. Ukitembea, ndege wanaruka, mayai yanabaki kwenye jua, na jirani wa kiota hicho hicho anakuja kuyala. Kaa kwenye boti au kwenye jiwe la pembeni, weka darubini juu ya kitu kisichotikisika, chagua viota vichache unavyoweza kuviona bila kizuizi, na uvifuate hivyo hivyo.

Saa sita mchana ndiyo saa yako. Jua likiwaka juu ya jiwe, shakwe aliye kwenye mayai anahema mdomo wazi, koo likipigapiga. Mwenzi anatua, wanaitana wakiinamisha vichwa, aliyekaa ananyanyuka taratibu, anayekuja anayasukuma mayai kwa mdomo hadi yamkae sawa chini ya kifua. Andika saa ya kupokezana. Kiota ambacho hakina wa kupokea utakitambua kwa hapo: ndege yule yule asubuhi, yule yule mchana, anasimama, anakaa, anatazama ziwa, mwishowe njaa inamwondoa. Akishaondoka, mwewe hakawii. Wewe utaandika "kiota kimeshindwa", lakini andika pia kwamba hapakuwa na kupokezana tangu saa fulani, na nani ndiye aliyebaki. Hilo ndilo litakalosema baadaye kama jozi ilivunjwa na kifo, au kushindwa ndiko kulikotangulia kisha wakaachana.

Swali la kipi kilitangulia lina historia ndefu. Kule North Shields, Uingereza, mtafiti wa ndege John Coulson alianza mwaka 1954 kuwavisha pete shakwe wa baharini waliokuwa wakijenga viota kwenye madirisha ya ghala mtoni Tyne. Aligundua kwamba waliorudi kwa mwenzi yule yule walitaga mapema zaidi na kukuza makinda wengi zaidi, na kwamba walioshindwa kuangua ndio waliobadilishana sana msimu uliofuata. Dirisha la ghala na daftari lililotunzwa vilitosha.

Msiandike "dume" na "jike" kwa kukisia. Shakwe wa jinsia zote mbili wamefanana mno, na mkubwa kidogo si lazima awe dume. Kule Kaena Point, kisiwani Oahu, Hawaii, albatrosi wa Laysan walitazamwa kwa miaka kama mume na mke. Vipimo vya vinasaba vilipofanywa, matokeo yaliyotolewa mwaka 2008 yakaonyesha asilimia 31 ya jozi zilikuwa majike wawili, kwa kuwa madume walikuwa wachache. Walikuwa wakilea kinda pamoja. Andika "A" na "B" mpaka uwe na ushahidi.

Halafu, kaeni na wavuvi. Pale Kasensero na kwenye magati mengine Kiswahili ndicho kinachowaunganisha Waganda, Wakenya na Watanzania, hivyo hamna kisingizio. Msishuke botini na fomu mkononi. Salimia wazee kwanza, "shikamoo mzee, habari za ziwani", subiri nyavu zitandazwe zikauke, uliza mukene, yaani dagaa, umepatikanaje usiku, ndipo useme umekuja kwa ajili ya nini. Mvuvi ndiye anayemkuta mnandi amenaswa na kuzama, ndiye anayeokota shakwe mfu mwenye pete. Akijua kwamba pete haitamletea kesi ya nyavu, ataileta. Pete moja iliyotoka kwenye mguu wa ndege mfu hufunga mjadala ambao misimu mitatu ya darubini haiwezi kuufunga. Na miiko ya Musambwa iheshimuni, ikiwamo ile ya kutoua nyoka wa visiwani. Wenyeji wamewalinda ndege wale kabla ya sisi kuja na orodha zetu.

Watakaofanya kazi mabwawani, kwa korongo taji wetu wa kwenye bendera, mbinu ni hizo hizo. Yeye yumo katika hatari ya kutoweka kwa daraja la IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, tangu 2012, na sumu ya mashambani, nyaya za umeme na kukauka kwa mabwawa vinavunja jozi zake.

La mwisho ni la makaratasi. Mwaka 1956 mtafiti wa ndege Chandler Robbins alimvisha pete albatrosi mmoja wa Laysan kisiwani Midway, katika bahari ya Pasifiki. Mwaka 2002, miaka 46 baadaye, akamshika tena yeye mwenyewe. Ndege huyo, aitwaye Wisdom, amewahi kuwa na wenzi zaidi ya mmoja. Wa miaka mingi alipoacha kuonekana, alikaa misimu bila kutaga, kisha mwishoni mwa 2024 akataga yai na mwenzi mpya, akiwa na umri wa miaka 74 au zaidi. Tunalijua hilo kwa kuwa kila aliyeondoka Midway alimwachia anayekuja kumbukumbu zinazosomeka. Mkataba wako ukiisha, usiondoke na daftari. Nakala moja iende kwa msimamizi, nyingine ibaki ofisini, picha za kurasa zote ziwe kwenye kompyuta, na ukurasa wa kwanza ueleze alama zako zote, rangi za pete zikisomwa kuanzia juu kwenda chini, mguu wa kushoto kwanza.