Jibu: Imani imepoa tangu nihamie Kisasa

Shalom mpendwa. Umesema tangu uhamie mtaa wa Kisasa hapa Dodoma, ndani ya geti na kisima chako, maombi yamekuwa ya kutimiza ratiba tu, na unauliza kama urudi kupanga uswahilini Chang'ombe. Mimi nasema usihame. Umaskini wa kuigiza hauwasaidii walio maskini kweli.

Niko Ilazo tangu 2018, mwaka Dodoma ilipopewa hadhi ya jiji. Kilichonishtua si mahubiri, ni mlinzi wangu. Jumapili moja nilimaliza ahadi ya jengo la kanisa, jina likasomwa, makofi yakapigwa. Nafika nyumbani, mzee kasimama getini, kofia mkononi: "Bosi, ule mshahara wa mwezi uliopita..." Nilitamani ardhi ipasuke. Soma Luka 16 taratibu: hatusomi kwamba tajiri alimpiga maskini Lazaro au kumfukuza. Alimwacha tu pale mlangoni.

Kwa hiyo anzia getini kwako. Dada wa kazi mlipe kwa tarehe, na Jumapili aende ibadani naye, asibaki kupika pilau ya wageni wako wa kanisani (hili tunalo wengi). Maji ya bomba yakikatika, toa mpira nje ya ukuta majirani wajaze ndoo. Na ibada ya nyumba kwa nyumba nenda kwa miguu. Ndani ya gari hutajua nani anaumwa mtaani. Mimi mwezi wa kwanza tu nilifahamiana na majirani wanne niliokuwa nawapigia honi.