Gunia la kilo 50: ni uzito au tungamo?
Pole mdogo wangu, umeuliza kwa nini ticha kakukata maksi ulipoandika uzito wa gunia ni kilo 50 wakati sokoni kila mtu anasema hivyohivyo. Ticha yuko sahihi, usimnunie. Kilo inapima tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo kwenye gunia, na hiyo haibadiliki hata ulipeleke mwezini. Uzito ni nguvu ambayo dunia inalivuta hilo gunia, na nguvu tunaipima kwa newtoni, kwahiyo unachukua 50 unazidisha kwa 10 (dunia inavuta kila kilo kwa newtoni kama 10) unapata newtoni 500, ila mwezini mvuto ni kama newtoni 1.6 tu kwa kila kilo basi lingekuwa na newtoni 80 na ungelibeba mwenyewe begani. Mimi fomu wani jambo hili lilinisumbua sana mpaka niliposhika ile mizani ya springi ya maabara, upande mmoja gramu upande wa pili newtoni. Na andika yuniti kila mstari wa hesabu sio mwishoni tu, ukipewa gramu gawa kwa 1000 kwanza ziwe kilo, hapo ndo wengi wanaanguka.