Mstari ulioinama kusoma urefu pungufu kwenye AutoCAD
AutoCAD, programu ya michoro ya kiufundi, haijakosea hesabu; umetumia DIMLINEAR, amri ya kuweka vipimo kwenye mchoro. Hiyo kwa kawaida hupima mlalo au wima tu. Chora mstari kutoka 0,0 hadi 300,400 ujionee: itakupa 300 au 400, kutegemea umevuta kipanya upande gani, ilhali urefu wenyewe ni 500. Unayoitaka ni DIMALIGNED (andika DAL, inatosha), maana yenyewe hulala sambamba na mstari. Ila tafadhali usifute namba ya kipimo iliyotolewa na programu ukaandika yako kwa mkono, naona wengi wanafanya hivyo. Ukishaiandika, siku ukirefusha mstari kipimo hakibadiliki, na fundi atakata chuma kwa namba ya zamani.